Papasi na Mazoea Yetu ya Malazi

Leo tumeazimia kuwaarifu habari za papasi, mdudu wa jamii ya kupe ambaye, kinyume cha kupe wa ng'ombe agandaye mwilini siku kadhaa, hujificha mchana katika nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu, kisha usiku akatoka kumfyonza damu aliyelala, na kabla ya alfajiri akarejea mafichoni, hata aliyeumwa asitambue.

Matabibu Joseph Dutton na John Todd, walipokuwa Kongo, walibaini kwamba papasi huambukiza homa inayopanda ghafla, ikatulia siku chache, kisha ikarejea; naye Dutton akafariki kwa maradhi hayo hayo Februari 1905. Wajawazito na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi.

Basi mwenye desturi ya kulala mkekani sakafuni, au kuegemeza kitanda ukutani, au kuhamisha matandiko nyumba hata nyumba bila kuyakung'uta na kuyaanika juani, humfungulia mlango adui huyo. Wala nyumba iliyohamwa si salama, maana papasi hustahimili njaa miaka kadhaa.

Zibeni nyufa, inueni vitanda mbali na ukuta, tumieni chandarua, na homa ikirudi baada ya kupoa, nendeni zahanati upesi, mkamweleze tabibu mlikolala, kwani dawa ya kuiponya ipo.