Heri Kwanza, Kisha Faida



Waliotutangulia walivuka bahari kutoka Gujarat kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi. Walijua kwamba msimu ukipita, hakuna shehena hadi mwaka ujao. Kwa hiyo waliweka akiba. Sisi tulizoea meli za kila juma, tukausahau utaratibu huo. Ndipo Julai 2023 India ilipopiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na kabla ya mwaka kwisha, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yakazilazimisha meli za Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Tumejifunza kutomtegemea muuzaji mmoja, kununua pia mchele wa Mwea, kuweka akiba ya kutosha, na kumweleza mteja ukweli mapema.

Hata hivyo, tukiri: wapo miongoni mwetu waliofunga ghala wakingojea bei ipande. Hiyo si akiba; ni kumnyima jirani. Kila Diwali, katika daftari jipya tunaandika Shubh, yaani heri, kisha Labh, yaani faida. Mpangilio huo na tuudumishe dukani pia, hasa bidhaa zinapoadimika.