Mbwa Wako Anahitaji Dawa Kiasi Gani?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa milima ya Uluguru, Morogoro)



Leo tuzungumze juu ya mbwa. Huku kwetu Mgeta, Matombo na Kinole mbwa ni mlinzi. Usiku analinda nyumba na mbuzi. Mchana anafukuza nyani na ngedere wasimalize mahindi. Wapo wasiomgusa mbwa kwa sababu ya dini, lakini hata wao mbwa wa jirani hupita uani kwao. Kwa hiyo habari hii ni ya kila mtu.

Mbwa ana wadudu wanaoishi kwake na kumnyonya. Tumboni ana minyoo. Nje ana kupe, viroboto na funza. Juu ya wadudu hawa kuna maneno ya namna mbili. Mmoja anasema, "Mbwa wa kienyeji ni mgumu, dawa ya nini?" Mwingine ameshuka mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Akaambiwa kila mbwa apewe vidonge kila mwezi, na dawa ya kupe kila mwezi, mwaka mzima. Amepiga hesabu akaona fedha hiyo ni ya madaftari ya watoto. Amerudi mikono mitupu.

Je, nani kasema kweli? Hakuna. Bila dawa kabisa ni hatari, hasa kwa watoto wetu. Lakini si kila mbwa anahitaji dawa nyingi sawasawa. Fedha ni kidogo. Basi tuipange vizuri.

FEDHA YA KWANZA NI YA CHANJO

Kichaa cha mbwa si mnyoo wala kupe. Lakini kama una fedha ya jambo moja tu, anza hapo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hauna dawa ya kumponya. Mbwa achanjwe kila mwaka. Mara nyingine chanjo hutolewa bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sikiliza tangazo la kijiji.

Wenzetu wa Pemba walichanja mbwa wao, na ugonjwa ukaisha mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena. Walirudia kuchanja mpaka ukaisha tena. Kumbe inawezekana.

Mtu akiumwa na mbwa, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona kama ataugua.

FEDHA YA PILI NI YA WATOTO WA MBWA

Mbwa hupata minyoo hata kabla ya kuzaliwa. Minyoo ya mviringo hutoka kwa mama na kuingia kwa watoto wakiwa bado tumboni. Wakizaliwa, wanaipata tena katika maziwa. Ndiyo sababu unaona mtoto wa mbwa ana tumbo kubwa kama ngoma na mbavu zinahesabika.

Na ni nani anayecheza na watoto wa mbwa? Ni watoto wetu. Mayai ya minyoo hii hukaa ardhini miaka mingi. Mtoto akitia udongo mdomoni, anayameza. Vijinyoo hutembea mwilini mwake mpaka kwenye ini, na mara nyingine mpaka kwenye jicho. Mtoto anaweza kupofuka jicho hilo.

Kwa hiyo usibane fedha hapa. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, kisha wiki 4, wiki 6 na wiki 8. Mama yao apewe pamoja nao. Baada ya hapo wapewe mara moja kwa mwezi mpaka wafike miezi 6. Andika tarehe kwenye daftari lako. Kisomo ni kwa kazi kama hiyo.

MBWA MKUBWA: ANAKULA WAPI?

Kwa mbwa mkubwa usianze na swali la dawa. Anza na swali hili: anakula nini, na anakula wapi?

Yupo mbwa anayekaa nyumbani na kulishwa ugali na mabaki yaliyopikwa. Huyu dawa mara 1 au 2 kwa mwaka inaweza kumtosha. Yupo anayezurura na kuokota chochote njiani. Huyu apewe kila miezi 3, yaani mara 4 kwa mwaka.

Wa tatu ni yule anayengoja machinjoni. Anatupiwa matumbo, maini na mapafu mabichi. Huyu ndiye wa hatari zaidi. Katika maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe huweza kuwamo vifuko vya maji. Mle ndani mna tegu wadogo sana. Mbwa akivila, tegu wanakua tumboni mwake. Baada ya wiki 6 au 7 anaanza kutoa mayai katika kinyesi. Mtu akiyameza mayai hayo, vifuko vile vinaota ndani ya mwili wake, kwenye ini au pafu, polepole, miaka mingi. Wengine ni lazima wapasuliwe.

Huko Turkana, kaskazini ya Kenya, ugonjwa huu uliwatesa watu wengi sana. Katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilifanya kazi ya kuupunguza. Wagonjwa walipasuliwa, mbwa walipewa dawa ya tegu, na watu walifundishwa.

Sasa tupige hesabu. Kumzuia mbwa wa machinjoni kwa dawa tu, ingekubidi umpe kila wiki 6. Mwaka una wiki 52. Gawa kwa 6. Ni mara 8, karibu 9! Nani ataweza? Lakini ukichimba shimo refu na kuzika maini na mapafu yenye vifuko, au ukiyachoma moto, mbwa huyu atarudi kwenye kundi la mara 4. Ukimfunga na kumlisha chakula kilichopikwa, atakaribia kundi la mara 1 au 2. Jembe lako limekupunguzia vidonge.

DAWA KWA KILO

Dawa hupimwa kwa uzito wa mbwa. Dawa pungufu haiui minyoo yote. Dawa nyingi mno huweza kumdhuru mbwa.

Utampimaje? Tafuta mizani ya kupimia magunia. Mbebe mbwa, simama juu yake. Tuseme mizani inasoma kilo 68. Mweke mbwa chini, simama peke yako. Inasoma kilo 53. Toa: 68 kutoa 53 ni 15. Mbwa ana kilo 15. Kama karatasi ya dawa inasema kidonge kimoja kwa kilo 10, yeye apewe kidonge kimoja na nusu.

Soma pia tarehe ya mwisho ya kutumia dawa. Soma kama dawa inaua tegu. Zipo dawa zinazoua minyoo ya mviringo lakini haziui tegu. Karatasi ikiwa ya lugha ngeni, mpelekee bwana mifugo akusomee.

KUPE, VIROBOTO NA FUNZA

Hapa pia tazama kwanza, kisha nunua. Mara moja kwa wiki mkague mbwa masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Ukikuta kupe 2 au 3, wang'oe kwa kitambaa, ukivuta moja kwa moja, na uwatumbukize katika mafuta ya taa. Ukikuta wengi, hapo nunua dawa.

Viroboto wengi hawako juu ya mbwa. Mayai na wadogo wao wako pale anapolala. Fagia hapo. Choma majani ya malazi yake. Anika gunia lake juani. Kiroboto pia hubeba tegu wa aina nyingine. Mbwa akimmeza kiroboto wakati wa kujikuna kwa meno, tegu anarudi. Kwa hiyo kumpa kidonge na kuacha viroboto ni kupoteza fedha.

Funza naye hakuwa wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kusini kwa meli, akafika Angola mwaka 1872, kisha akaenea Afrika. Anapenda sakafu ya vumbi. Humwingia mbwa, nguruwe na mtu. Nyunyiza maji sakafuni, fagia kila siku, na ukague vidole vya watoto pamoja na vya mbwa.

Tafadhali sana, dawa ya kunyunyizia kabichi na nyanya msimpake mbwa. Wengine hufanya hivyo kwa kuona ni rahisi. Sumu hiyo hupita katika ngozi na inaweza kumwua. Mtoto anayemshika mbwa naye anadhurika.

CHOO CHA MBWA

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walichimba vyoo nchi nzima. Lakini kinyesi cha mbwa tumekiacha uani, tena kwenye bustani za karoti.

Mayai ya ile minyoo ya mviringo, yakitoka tu, bado hayawezi kumdhuru mtu. Yanahitaji kama wiki 2 au zaidi kuiva. Ukizoa kinyesi kila siku, umeyawahi. Mayai ya tegu yeye hangoji. Basi zoa kwa jembe, si kwa mkono. Tia katika choo cha shimo au fukia mbali na maji. Nawa kwa sabuni. Osha karoti kabla mtoto hajaitafuna.

Ukiwa na shaka, muulize bwana mifugo wa kata. Na pale mjini Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Kinafundisha madaktari wa mifugo. Mbwa wenu si mdogo mno kwao.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mbwa wako yuko katika kundi lipi kati ya yale matatu? Apewe dawa mara ngapi kwa mwaka?
2. Kijijini kwetu maini na mapafu mabovu hutupwa wapi? Nani atachimba shimo, na lini?
3. Wewe na mbwa mna kilo 71. Wewe peke yako una kilo 59. Mbwa ana kilo ngapi?