Tuimbe Neno Tunalolielewa: Hotuba ya Katibu wa Kwaya



Zamani kwayani tulijifunza sauti kwanza, ya kwanza hadi ya nne, na maneno tukayakariri. Siku hizi hatushiki wimbo mpya kabla ya mmoja wetu kuuliza maana ya neno moja gumu, na mwingine kulieleza kwa lugha ya nyumbani. Wapo wanaolalamika kwamba muda wa mazoezi unaliwa. Ni kweli, unaliwa.

Jioni ya neno "ukombozi" wasomi wetu walizunguka sana. Kisha mama mmoja wa sauti ya pili, muuza mahamri, akasema: "Ukiweka mkufu rehani kwa shida ya karo, bado ni wako lakini huwezi kuuvaa. Siku ukiukomboa, mwenye duka hana neno tena juu yake." Tuliimba tofauti jioni ile.

Na neno hilo lina uzito hapa petu. Ukivuka daraja la Nyali unafika Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, makazi ambayo wamisheni wa CMS waliwaanzishia watumwa walioachwa huru, mwaka 1875. Mtu aliyetolewa jahazini akiwa bidhaa hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kukombolewa ni nini.

Wala lugha hii ya imani haikushuka melini ikiwa tayari. Mwaka 1844, Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo hapa Mombasa, alisaidiwa na kadhi, Ali bin Mohedin. Dhambi, toba, rehema: majirani zetu wa Mji wa Kale wanayatumia maneno haya kila siku. Vipi basi yawe mali ya waliosomea theolojia peke yao?

Sasa "jubilei" yenyewe. Walawi 25 inasema mwaka wa 50 mtumwa hurudi kwao na shamba humrudia mwenyewe. Hapa Pwani, ambako wengi wanaishi juu ya ardhi wasiyo na hati yake, neno hilo si pambo la keki. Tulipolijadili, ndugu mmoja wa besi aliuliza kama ni halali kuliandika kwenye fulana bila kulisema kanisani. Ndiyo maana tunalisema leo.

Chini ya kila wimbo kitabuni humu tumeeleza neno moja. Likikutatiza jingine, tuulize wakati wa chai, au njoo mazoezini Alhamisi saa kumi na moja jioni. Wa sauti ya tatu, hasa, tunawahitaji.