Kiswahili Chini ya Boneti: Lugha ya Kuhamisha Chujio la Oili katika Injini Kuukuu

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu lugha, lakini unaanzia mahali ambapo wanaisimu hawafiki mara nyingi, yaani chini ya boneti ya gari kuukuu. Mada yake ni kazi moja ndogo ya ufundi: kuliondoa chujio la oili ubavuni mwa injini na kulifunga mahali pengine penye nafasi, likiunganishwa na injini kwa mipira miwili. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hiyo hufaulu au huharibika kwa neno moja, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulisema neno hilo kwa usahihi kuliko maandishi ya Kiingereza yanayochongwa kwenye vyuma vyenyewe.

Mazimbu ni mahali panapostahili mjadala huu. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Darasani lugha ilikuwa Kiingereza. Nje ya darasa, wakimbizi wa Afrika Kusini walijenga nyumba, walilima na waliendesha karakana bega kwa bega na wafanyakazi wa Kitanzania. Mwaka 1992 eneo hilo lilikabidhiwa kwa Tanzania, likawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Swali la lugha ipi ibebe maarifa ya ufundi, kwa hiyo, si geni katika majengo haya.

2.0 Tabaka za Msamiati wa Gereji

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili cha gereji ni Kiingereza kilichoharibiwa. Dai hilo halisimami mbele ya ushahidi. Gari ni neno lenye asili ya Kihindi. Karakana lina asili ya Kiajemi. Parafujo na bomba ni urithi wa Kireno. Usukani, wenye asili ya Kiarabu, ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujashikwa na dereva wa nchi kavu. Kiingereza kilikuja mwisho, kikaleta injini, spana, bolti, nati, gasketi na kabureta.

Hayo yote ni majina. Anayesikiliza vitenzi atagundua jambo jingine. Fundi hufungua, hukaza, hulegeza, hung'oa, huziba, humwaga na huchuja. Vitenzi hivi ni vya Kibantu, na hubeba viambishi vyote vya sarufi. Bolti inaweza kuwa ya kigeni, lakini ikikazika, ikakazwa kupita kiasi na hatimaye ikakatika, maisha yake yote husimuliwa kwa Kiswahili. Majina huazimwa pamoja na vyuma. Kazi hubaki na lugha ya mfanyaji.

Neno mafuta linafaa kutajwa peke yake. Katika lugha ya kawaida mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya kuendeshea gari. Fundi akimwambia mwanafunzi aongeze mafuta, asipofafanua anaweza kupata petroli alipotaka kilainishi. Ndiyo maana gereji ilikubali neno oili, ikalitenga kwa ajili ya kilainishi cha injini na mitambo mingine. Huo si uvivu wa kutafsiri. Ni uamuzi wa kiistilahi uliofanywa bila kamati.

Vivyo hivyo yapendekezwa tofauti kati ya chujio na filta. Chujio litaje kila kifaa kinachochuja, ukiwamo wavu wa waya ulio kwenye mdomo wa bomba la oili ndani ya injini, ambao huoshwa na kurudishwa. Filta litaje kipuri cha karatasi kinachonunuliwa dukani, kikatumika, kikatupwa. Maneno mawili kwa vitu viwili si uchafu wa lugha; ni utajiri wake.

3.0 Kazi Yenyewe

Chukulia Land Rover ya miaka ya 1960 yenye injini ya petroli ya lita 2.25, gari lililozoeleka sana katika njia za milima ya Uluguru. Filta yake ya asili ni karatasi iliyo ndani ya kopo la chuma lililoning'inia ubavuni mwa injini. Kopo hilo hukaa juu ya pete ya mpira iliyolala katika mfereji mwembamba. Pete kuukuu hugandamana na chuma. Fundi asiyeiona huweka mpya juu yake, na oili huvuja. Aidha, filta za karatasi za aina hiyo hazipatikani kwa urahisi kama zile za kisasa za kuzungusha kwa mkono.

Kuhamisha chujio huondoa taabu hizo. Kopo la zamani hung'olewa, na mahali pake hufungwa kitako chenye matundu mawili. Mipira miwili hutoka kwenye kitako hicho hadi kwenye kichwa cha chujio kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na filta ya kisasa huzungushwa kwenye kichwa hicho. Mipira iwe ya oili, inayostahimili joto na msukumo. Mpira wa maji au wa petroli haufai. Isipite karibu na bomba la moshi wala kugusa kitu kinachozunguka, na iachwe ilegee kidogo, kwa kuwa injini hutikisika juu ya vikalio vyake vya mpira ilhali bodi haitikisiki pamoja nayo. Filta ikiweza kufungwa mdomo wake ukielekea juu, itabaki imejaa oili hata injini ikizimwa.

Kabla ya kuwasha, filta hujazwa oili kwa mkono. Kisha waya wa koili huchomolewa ili moto usishike, na injini huzungushwa kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Ndipo waya hurudishwa na injini huwashwa polepole huku kila kiungo kikikaguliwa. Mwishowe kiwango cha oili hupimwa upya, kwa sababu mipira na filta vimekunywa sehemu yake.

4.0 Ndani ya Nini, Nje ya Nini?

Hatari kubwa iko kwenye maandishi. Kwa kawaida kitako na kichwa cha chujio huwa vimechongwa maneno mafupi ya Kiingereza: IN kwenye tundu moja, OUT kwenye jingine. Mwanafunzi mwangalifu, aliyefundishwa kulinganisha alama, ataunganisha IN na IN, na OUT na OUT. Atakuwa amesoma sawasawa, na atakuwa ameua injini.

Sababu ni kwamba kila kipande kinasema kwa upande wake. OUT ya kitako ni njia ya oili kutoka injinini; IN ya kichwa ni njia ya oili hiyo hiyo kuingia chujioni. Kwa hiyo OUT ya kimoja ndiyo inayopaswa kukutana na IN ya kingine. Ikigeuzwa, oili huisukuma filta kwa kinyume. Ndani ya filta nyingi za kisasa mna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi nyuma injini ikizimwa. Kiwambo hicho hakijui kwamba fundi amekosea. Hujifunga kama kilivyoundwa, na beringi za krenki hubaki zikizunguka bila oili. Dakika chache zinatosha kuziharibu.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa msaada. Kitenzi kuingia huita swali: kuingia wapi? Jibu hupatikana kwa kiambishi cha mahali -ni: injinini au chujioni. Mnyambuliko wa kutendea nao hutaja kifaa au mahali pa kitendo. Kwa hiyo tundu la kwanza la kitako laweza kuitwa tundu la kupelekea chujioni, na la pili tundu la kurudishia injinini. Majina hayo hayo yakitumika kwenye kichwa cha chujio, kila mpira huwa na jina moja ncha zote mbili. Mpira wa kupelekea huanzia na kuishia kwenye tundu la kupelekea, na mwanafunzi anayelinganisha maneno hapotei tena.

Kuna funzo la ziada. Wahariri wengi hulalamikia matumizi ya kitenzi kupelekea kwa maana ya kusababisha, yaliyoenea katika magazeti na hotuba. Katika gereji kitenzi hicho kinarudi katika kazi yake halali: ni kupeleka kwa kutumia kitu fulani. Mwalimu anayetaka kueleza mnyambuliko wa kutendea hana haja ya mfano wa kubuni. Mpira wa oili unatosha.

5.0 Hitimisho

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Hatua hizo ni za heshima. Hata hivyo, istilahi haikamiliki kwa kupata kisawe cha neno la kigeni. Kutafsiri IN kuwa ndani na OUT kuwa nje kungehamisha kosa lile lile kutoka lugha moja hadi nyingine, na injini ingekufa kwa Kiswahili sanifu.

Kinachohitajika ni mwanaisimu kuifahamu kazi kabla ya kuipa majina, na fundi kuulizwa kabla ya kamusi kufungwa. Wako vijana wengi wanaojifunza ufundi kwa macho na mikono, kisha wakapimwa kwa lugha wasiyoitumia wanapofanya kazi. Wanajua oili inakokwenda. Ni haki yao kupewa maneno yanayoelekea huko.