PETROLI YA BEI YA JUU: TULIPE AU TUSILIPE?
(Maneno ya mjumbe mmoja wa kamati mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba boti ya chama na pikipiki zianze kutumia petroli ya bei ya juu, ile wanayoiita "super", eti ina nguvu zaidi. Mimi naipinga, na sababu ninazo.

Petroli hupimwa kwa namba iitwayo okteni. Wengi hudhani namba kubwa ni nguvu kubwa. Sivyo. Okteni ni uvumilivu tu: petroli yaweza kubanwa kiasi gani ndani ya silinda bila kujiwakia kabla ya cheche ya plagi. Ikijiwakia mapema injini inagonga, ka-ka-ka, na pistoni inaumia. Injini inayobana sana ndiyo inataka okteni kubwa. Hizi zetu hazibani hivyo. Fungueni kitabu cha mashine, namba imeandikwa. Ukizidisha hapo umemnufaisha muuzaji. Huko Marekani chama cha wenye magari, AAA, walipima mwaka 2016, wakaona gari la petroli ya kawaida halipati faida kwa ile ghali. Tena pikipiki ikipanda Umatengo, juu ya mita 1,000, hewa ni nyepesi, na okteni inayohitajika ni ndogo kuliko huku ziwani. Mashine ya kusaga ni ya dizeli, haimo kabisa katika habari hii.

Tuseme tofauti ni shilingi 300 kwa lita, na boti inakunywa lita 20 kwa safari. Safari 10 ni shilingi 60,000. Hela ya usipa wa nani hiyo?

Mtasema, "Lakini injini inagonga!" Kweli inagonga, hata mimi nimeisikia. Basi tuulize petroli yenyewe ilitoka wapi. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hushuka okteni. Ndiko kuchakachua huko. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa ajili hiyo hiyo, na mafuta hutiwa vinasaba ili mkaguzi agundue. Lakini mkaguzi hupima tangi la sheli; chupa iliyopangwa mezani kando ya njia nani anaipima?

Halafu maji. Vidumu vyetu vinalala ndani ya boti bila vifuniko! Maji ni mazito, hukaa chini. Mimina petroli kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Ukiona mstari chini, usitie. Injini ikizimika katikati ya ziwa kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini ukivuma, "super" haitawarudisha watoto wetu Mbamba Bay. Na oili msiibanie: mashine nyingi za mipigo miwili hutaka lita 1 kwa petroli lita 50.

Napendekeza tununue sheli tu, kwa risiti. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Mbinga ina yake na Mbamba Bay ina yake. Katibu aibandike hapa ubaoni. Hiyo 60,000 inunue vidumu vyenye vifuniko na chujio.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kura ipigwe.