Vigong'ota wa Mtaani Kwetu: Wekundu Hautoshi

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa mitaa ya Nakuru)



Jiji letu linajulikana mbali kwa flamingo wa Ziwa Nakuru. Leo naomba tuwaache flamingo ziwani, tutazame miti iliyo nyuani kwetu. Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, kuna anayegonga kwenye jakaranda au mgunga: ko-ko-ko-ko. Huyo ni kigong'ota, ambaye wengine wetu humwita kigogota.

Ukiuliza ni kigong'ota gani, jibu huwa moja: "Yule mwenye wekundu kichwani." Ndugu zangu, jibu hilo halitoshi, kwa sababu mitaani mwetu kuna zaidi ya mmoja mwenye wekundu kichwani.

Wanaochanganywa sana ni wawili. Wa kwanza ni mdogo, sentimita 15 hivi, sawa na shomoro wa paa la nyumba. Wataalamu humwita Dendropicos fuscescens. Wa pili ni mkubwa kidogo, takriban sentimita 20, karibu sawa na kwezi wa buluu anayetembea viwanjani. Huyu ni Campethera nubica.

Mtego uko hapa. Dume la yule mdogo ana wekundu nyuma ya utosi. Jike la yule mkubwa pia ana wekundu papo hapo. Mtu akiangalia wekundu tu, atawaita ndege mmoja. Tena jike la yule mdogo hana wekundu wowote, na mtu huyo hatajua kuwa ni kigong'ota wa aina ile ile.

Kwa hiyo angalieni mambo manne.

Kwanza, kifua. Mdogo ana michirizi, kama mistari iliyochorwa kwa kalamu kutoka juu kwenda chini. Mkubwa ana madoa ya mviringo. Mkikumbuka hili moja tu, mmeshapata nusu ya kazi.

Pili, paji la uso. La mdogo ni la kahawia, dume na jike. La jike la yule mkubwa ni jeusi lenye vidoa vyeupe. Dume lake ana wekundu kuanzia paji hadi kisogo, na mstari mwekundu shavuni kama sharubu. Mdogo hana sharubu jekundu kamwe.

Tatu, mahali anapotafuta chakula. Mdogo hupenda vitawi vyembamba, hata mabua ya mahindi. Mkubwa hukaa zaidi kwenye shina na matawi manene, na mara nyingine hushuka chini kutafuta sisimizi na mchwa.

Nne, sauti. Mdogo hulia kwa sauti nyembamba ya haraka haraka, na hugonga kwa wepesi. Mkubwa hupiga kelele kali kama chuma, mara nyingi dume na jike wakiitikiana.

Mkimwona mwingine mwenye kichwa na kifua cha kijivu kisicho na doa wala mchirizi, na wekundu juu ya mkia, huyo ni wa tatu. Msimlazimishe kuwa mmoja wa hawa wawili.

Mtaniuliza: kuna faida gani? Faida ni kwamba hatuwezi kutunza tusichokitambua. Ndege wawili tukiwaita jina moja, mmoja akitoweka hakuna atakayejua. Bado tutasikia ko-ko-ko na kudhani mambo ni shwari.

Na kutoweka kwao huanza na panga letu. Vigong'ota huchimba viota vyao hasa kwenye mbao zilizokufa. Wao hawaui mti. Hufuata wadudu waliomo ndani yake. Wakihama, mashimo yao huwa nyumba za ndege wengine wasio na uwezo wa kuchimba, kama baadhi ya kwezi. Tukikata kila tawi kavu ili ua uonekane nadhifu, tunawafukuza wapangaji wengi kwa siku moja.

Tawi linaloning'inia juu ya paa au njia ya watoto, likatwe. Usalama wa watu ni mbele. Lakini shina kavu lililo kwenye kona lisilomtishia mtu, liacheni lisimame. Na kabla ya kukata, chunguzeni kwanza kama kuna shimo na kama kuna anayeingia na kutoka.

Walimu, wapeni wanafunzi daftari. Waandike tarehe, mahali, kifua, paji na sauti. Walio na simu wanaweza kupeleka orodha zao kwa mradi wa Kenya Bird Map, ambao hukusanya taarifa za ndege kutoka kwa wananchi wa kawaida kote nchini.

Kesho asubuhi mkisikia mgongo wa mti ukibishwa hodi, tokeni nje. Tazameni kifua kwanza, kichwa baadaye.