Kura Iwe ya Siri, Hesabu Iwe ya Wazi

(Hotuba ya Kamati Ndogo ya Uchaguzi, iliyosomwa katika sherehe za Siku ya Wakimbizi)



Tumepewa nafasi hii kueleza kwa nini uchaguzi ujao wa viongozi wa mitaa hautafanywa kwa mlolongo kama tulivyozoea. Hatukuja kumpigia debe mtu wala chama chochote.

Mara iliyopita tulipanga mistari uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Kazi ilikwisha upesi na haikugharimu kitu. Lakini baada ya hapo tulipokea malalamiko kwa miezi mingi. Mama mmoja mjane alitueleza kwamba alisimama nyuma ya mtu asiyemtaka, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wanaohitaji turubai. "Nyumba yangu inavuja," alisema, "ningefanyaje?" Hakuna aliyemtisha kwa maneno. Macho tu yalitosha.

Jambo hili halikuanza kwetu. Nchini Kenya, mwaka 1988, chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee wakati huo, kiliteua wagombea wake wa ubunge kwa mlolongo. Aliyepata asilimia 70 ya waliopanga mstari alihesabiwa kuwa amepita, bila kura ya siri kufuata. Yakatokea manung'uniko makubwa kwamba mahali pengine mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Na watu wakishatawanyika, utahesabu nini tena? Mtindo huo uliachwa, na uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulifanywa kwa kura ya siri.

Wapo wanaosema: wengi wetu hatukusoma, kura ya siri itatushinda. Ndugu zetu, wenzetu walikwisha kulitatua hilo. Tanzania, katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wagombea wawili wa jimbo walipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Nani asiyejua jembe? Nchini Gambia wametumia gololi tangu miaka ya 1960, na hata rais alichaguliwa hivyo mwaka 2021. Mpiga kura hupewa gololi moja, huingia peke yake mahali palipozibwa, na kuitumbukiza katika pipa lenye rangi na picha ya mgombea wake. Ndani ya pipa mna kengele. Gololi ikigonga, walioko nje husikia mlio mmoja. Wakisikia miwili, wanajua kuna udanganyifu. Lakini hawajui ni pipa lipi. Jioni, gololi hupangwa palepale katika mbao zenye matundu, kila mtu akiona.

Hapo ndipo penye somo. Mlolongo huweka wazi kura ya mtu mnyonge, kisha hesabu ikabaki mdomoni mwa msimamizi. Sisi tunataka kinyume chake.

Liko na jambo la tatu: aliyeshindwa afanye nini? Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais baada ya upinzani kupeleka malalamiko, ikaamuru uchaguzi urudiwe. Lakini Burundi, mwaka 1993, Rais Buyoya alishindwa katika uchaguzi na akakubali. Ndadaye aliyechaguliwa akauawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Yaliyofuata wengi waliokaa hapa wanayajua kuliko sisi tunavyoweza kuyasema. Kura haimlindi mtu ikiwa wenye nguvu hawakuiheshimu.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Kila mgombea atakuwa na debe lake la mafuta lenye alama iliyochorwa. Madebe yatakuwa nyuma ya turubai. Wengine walishauri tutumie maharage. Tukakataa, maana harage kila mtu analo nyumbani! Tutatumia vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, na kila mpiga kura atapewa kimoja. Madebe yatafunguliwa kwanza asubuhi, watu waone kuwa ni matupu. Jioni vizibo vitahesabiwa mezani, uwanjani, na wagombea wote watatia saini au dole gumba. Mwenye lalamiko atalileta kwa wazee katika siku saba, na vizibo vitatunzwa mpaka siku hizo ziishe.

Kwa ndugu wafanyakazi wa mashirika, ombi letu ni moja: anayeandika majina ya mgao wowote asikae karibu na madebe siku hiyo.

Na wewe mama yetu ambaye nyumba yako inavuja, safari hii ingia nyuma ya turubai bila hofu. Ukitoka, usimwambie mtu. Hata sisi usituambie.